Kijapani cha muhula wa kwanza: mwongozo kwa mwanafunzi wa Tanga

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia darasa la Kijapani akiwa na mtaji ambao wengi hawana. Irabu ni zile zile tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Maneno kama sakana, tamago au kodomo kijana wa Ngamiani anayasoma sawasawa mara ya kwanza. Mtaji huo huo ndio unaowaangusha wengi. Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu, yaani romaji, kinasomeka kama Kiswahili, basi mwanafunzi anabaki humo mpaka wiki ya sita au ya saba. Anaelewa kila kitu, anajibu, anasifiwa. Halafu linakuja jaribio la kwanza limeandikwa kwa hiragana tupu, yaani herufi za msingi za Kijapani chenyewe, na anaikodolea macho karatasi kama hakuwahi kuhudhuria hata kipindi kimoja.

Kwa hiyo ushauri mwingi hapa chini unahusu kuandika, kisha mambo machache ambayo Kiswahili chenyewe kinakudanganya. Tumekadiria muhula wa wiki 15, uwe unasomea Tanga mjini au umekwenda chuo cha mbali.

Vitu vya kununua kabla ya kipindi cha kwanza

Madaftari mawili ya hesabu, yale ya miraba. Usitumie mraba mmoja kwa herufi moja, ni mdogo mno; tumia miraba minne, miwili juu na miwili chini, ili herufi iwe na kama sentimita moja kila upande na uone katikati yake ni wapi. Penseli ya 2B, au HB kama hiyo haipatikani. Kalamu ya wino haikufai mwanzoni, kwa sababu mwisho wa kila mstari katika maandishi ya Kijapani una namna yake: kuna mstari unaosimama, kuna unaorushwa kama ndoano, na kuna unaofifia taratibu. Miisho hiyo mitatu huitwa tome, hane na harai, na mwalimu atayataja maneno hayo tangu siku ya pili. Penseli laini inaonyesha tofauti hiyo, wino unaificha.

Nunua pia karatasi moja kubwa ya manila, uikate vipande vya sentimita 5 kwa 7. Utapata kadi za kutosha hiragana zote na katakana zote, ile seti ya pili ya herufi utakayoifikia wiki ya 4. Upande mmoja herufi, upande wa pili neno zima lenye herufi hiyo, si sauti yake peke yake.

Simu iwekee kibodi ya Kijapani siku hiyo hiyo. Chagua mpangilio wa QWERTY, unaandika sauti na simu inageuza. Mambo matatu huwasumbua watu: ん, yaani n isiyo na irabu, andika nn, la sivyo simu inasubiri irabu, っ ndogo inapatikana kwa kurudia konsonanti, kitte inatoa きって, na neno linalotamkwa konnichiwa huandikwa konnnichiha, n tatu, mbili za ん na moja ya ni, na ha mwishoni kwa sababu hiyo wa ya mwisho ni herufi は.

Wiki ya 1 na ya 2: hiragana

Hiragana za msingi ni 46. Zimepangwa kwa mistari: a i u e o, ka ki ku ke ko, kuendelea hivyo. Shika mstari mmoja kwa siku, yaani herufi tano, na kwa siku kumi utakuwa umemaliza, kwa kuwa mstari wa ya una tatu tu na mwisho umebaki wa, wo na n. Kila herufi iandike mara 10 ukiitamka, kisha funga daftari uandike mara 5 bila kuangalia. Hizo 5 ndizo zenye kazi. Mtu anayejaza ukurasa mzima wa あ huku akinakili mstari wa juu anafanya mazoezi ya mkono tu, kichwa kimelala.

Mpangilio wa mistari ufuate: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, wa mlalo kabla ya wa wima. Ukiacha mpangilio huu sasa, kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, zitakutesa baadaye, maana kuna nyingine zina mistari zaidi ya kumi na mkono usiozoea hauzimalizi kwa wakati.

Herufi zinazochanganywa ni zile zile kila mwaka: あ na お, ぬ na め, ね, れ na わ, は na ほ, る na ろ, さ, き na ち. Zitenge kwenye kadi zako uzipitie kila siku. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi havisemi wazi: き na さ za kompyuta zina mstari wa chini ulioungana na wa juu, lakini zikiandikwa kwa mkono mstari huo huachana. Ukinakili fonti ya simu, mwalimu atakusahihisha. Tafuta fonti ya vitabu vya shule, ile inayofanana na mwandiko.

Wiki ya 3: madoadoa, na siku ya kuaga romaji

Vijistari viwili juu kulia hugeuza ka kuwa ga, sa kuwa za, ta kuwa da, ha kuwa ba. Kiduara hugeuza ha kuwa pa. Hapo umeongeza 25. Kisha や ゆ よ ndogo zinaungana na herufi za sauti ya i kutoa kya, sho, ryu na wenzake, 33 kwa jumla. Hakuna umbo jipya hata moja, ndiyo maana wiki moja inatosha.

Mwisho wa wiki hii futa romaji yote kwenye daftari lako. Iwe kama yule mgeni wa Tanga katika msemo, waja leo waondoka leo, isipokuwa huyu aondoke kweli. Utasoma polepole kwa siku nne au tano na utaona kama umerudi nyuma. Vumilia hapo hapo.

Wiki ya 4 na ya 5: katakana, kwa majina ya kwetu

Katakana nazo ni 46, sauti zile zile, maumbo mengine. Hutumika kwa maneno ya kigeni, na hapo ndipo jina lako na mji wako vinapoingia. Tanga ni タンガ. Bagamoyo ni バガモヨ, neno zuri la kuanzia kwa kuwa kila silabi ni herufi moja na mbili kati yake zina madoadoa. Juma ni ジュマ, Rehema ni レヘマ, Salima ni サリマ.

Kijapani hakitofautishi l na r, zote huenda mstari wa ra. Th yetu huingia mstari wa sa, hivyo Thabiti ni サビティ. Dh huingia za, hivyo Ramadhani ni ラマザニ. Gh huwa ga. Konsonanti zilizoungana kwa kawaida huongezewa u, ndiyo maana Mwajuma ni ムワジュマ. Amua tahajia moja ya jina lako pamoja na mwalimu wiki hii na uishike kwenye kila karatasi. Anayeandika jina lake kwa namna tatu katika majaribio matatu anajitafutia usumbufu wa alama kupotea.

Wanne wabaya ni シ na ツ, ソ na ン. Njia ya kuwatenganisha ni kuangalia vijistari vifupi vimejipanga wapi. Vikijipanga upande wa kushoto, mstari mrefu unapanda kutoka chini: シ, ン. Vikijipanga juu, mstari mrefu unashuka: ツ, ソ. Jipime kwa neno moja la kwetu: シーラカンス, shiirakansu, yaani silikanti, samaki ambaye Tanga ina hifadhi yake ya bahari tangu 2009. Lina シ, lina ン, lina ス, na lina kile kistari cha kuvuta irabu. Ukiliandika bila kuangalia na mwenzako akalisoma, katakana imekaa.

Mazoezi ya bure yamejaa barabarani. Mabasi madogo yaliyotumika Japani huja na maandishi yake. Mlangoni utakuta 自動ドア, jidou doa, mlango unaojiendesha, na hizo mbili za mwisho ni katakana. Na kwa kuwa mji wetu ni wa baiskeli, ukikuta ya mtumba iliyotoka Japani angalia stika kwenye fremu. Ikiwa imeandikwa 防犯登録, bouhan touroku, huo ni usajili wa kuzuia wizi. Kanji hizo si za muhula huu, lakini jicho lianze kuzizoea.

Matamshi: mapigo

Kijapani huhesabiwa kwa mapigo yenye urefu sawa. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, kwa hiyo sakana inatoka saKAAna. Gonga meza kwa kidole, kila herufi pigo moja: sa, ka, na. Arigatou ni mapigo matano, a-ri-ga-to-u.

Aliyepita madrasa ana msaada mkubwa hapa. Irabu ndefu ni madda ya harakati mbili, si nne wala sita: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Konsonanti iliyorudiwa, ile っ ndogo, ni shadda: kite ni “njoo”, kitte ni stempu. Kwa ambaye hakupita huko, kumbuka kwamba kufa na kufaa si neno moja. Sikio lako tayari linajua urefu wa irabu una maana.

ん ina pigo lake peke yake, kama n ya nchi na nne, au m ya mtu. Tatizo ni kwamba katika neno Tanga sisi tunasema ta-nga, mapigo mawili. Kijapani ni ta-n-ga, matatu. Tanzania ni matano: ta-n-za-ni-a. Sauti ya tsu hatuna na wengi hutamka su au chu. Anza na t ya “tu”, halafu achia s bila kufungua mdomo zaidi. Fu haigusi meno, ni pumzi kati ya midomo miwili kama unapoza chai. U ya mwisho katika desu na masu karibu haisikiki.

Sentensi: kitenzi kinahamia mwisho

Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi: nitakisoma. Kijapani hufungua mzigo huo, kila kitu kinasimama peke yake na kijineno cha kukiongoza, na kitenzi hufunga. Asha wa hon o yomimasu, Asha anasoma kitabu. Umiliki unageuka: kitabu cha Asha ni Asha no hon, mwenye mali mbele. Swali halianzi na “je”, linaishia na ka.

Kijineno kinachowaponza Waswahili zaidi ya vyote ni ni. Kinafanana na -ni yetu ya mahali, kwa sauti na kwa maana, na kwa muda kinafanya kazi vizuri. Nipo chuoni, daigaku ni imasu. Naenda chuoni, daigaku ni ikimasu. Halafu mtu anasema “nasoma chuoni” kwa ni, na hapo amekosea: daigaku de benkyou shimasu. Kiswahili kinatumia -ni moja kwa kuwapo, kwenda na kutenda. Kijapani kinatenga tendo linalofanyika mahali na kulipa de. Jiulize kila mara: je, mahali hapa panafanyika kazi, au ni pa kuwapo na kufika tu? Ubaguzi mmoja ujue mapema: kuishi mahali huchukua ni, Tanga ni sunde imasu.

Jambo jingine ambalo kwetu ni jepesi, kama tukilitazama kwa jicho la ngeli: imasu na arimasu. Vyote ni “kuwapo”. Watu na wanyama hai ni imasu, vitu na mimea ni arimasu. Samaki baharini ni imasu. Samaki huyo huyo akishafika mezani sokoni ni arimasu. Mwingereza hulifikiria sana hili, sisi tunaona ni ngeli mbili tu.

Idadi nazo zina ngeli zake. Sisi tunasema watu wawili, vitabu viwili, machungwa mawili. Wao hubadilisha mkia kulingana na umbo. Watu: hitori, futari, sannin. Vitu vyembamba vya bapa, kama karatasi: ichimai, nimai. Virefu, kama penseli, chupa na ndizi: ippon, nihon, sanbon. Usijaribu kukariri mikia yote muhula huu. Shika hiyo mitatu pamoja na hesabu ya jumla mpaka kumi: hitotsu, futatsu, mittsu, yottsu, itsutsu, muttsu, nanatsu, yattsu, kokonotsu, tou. Ukikwama kwa machungwa ya Muheza, mittsu itakuokoa.

Saa, fedha na siku

Alama nyingi hupotea hapa, na zinapotea kwa sababu ya Kiswahili. Saa moja asubuhi ni shichiji, saa ya 7. Saa tatu asubuhi ni kuji. Ukisikia ichiji ni saa saba mchana. Kwenye zoezi la kusikiliza, mtu anasikia rokuji, kichwa kinasema “saa sita”, anachagua picha ya mchana, kumbe ni saa kumi na mbili. Usitafsiri. Soma mshale mfupi ulipo kwenye uso wa saa, namba ile ile iliyoandikwa. Sisi ndio tunaosoma namba ya upande wa pili. Chora nyuso 12 za saa kwenye kadi, kila saa kadi yake, nyuma andika Kijapani peke yake. Majina matatu ya saa yana umbo la pekee: yoji, shichiji na kuji.

Fedha hukatwa kwenye elfu kumi, si kwenye elfu. Elfu kumi ni ichiman. Shilingi 45,000 ni yonman gosen. Laki moja ni juuman, milioni ni hyakuman. Fanya mazoezi kwa bei za kila siku. 3,000 ni sanzen, 8,000 ni hassen, 300 ni sanbyaku, 600 roppyaku, 800 happyaku. Barabara zenye namba za Ngamiani nazo zihesabu kwa Kijapani unapopita.

Miezi ni zawadi: mwezi wa kwanza ni ichigatsu, wa pili nigatsu, kama tunavyosema. Angalia tu shigatsu, shichigatsu na kugatsu. Siku ndizo zinazodanganya, kwa kuwa Jumatatu ina “tatu” ndani yake na Kijapani hakihesabu. Jumapili ni jua, 日. Jumatatu mwezi, 月. Jumanne moto, 火. Jumatano maji, 水. Alhamisi mti, 木. Ijumaa dhahabu, 金. Jumamosi udongo, 土. Hizo saba ziwe kanji zako za kwanza, wiki ya 6, pamoja na 一 mpaka 十. Baada ya hapo kanji tano kwa wiki zinatosha, kila moja ndani ya neno.

Maneno yenye sura ya kwetu

Nani ni “nini”; “nani” ya kwetu ni dare. Mimi ni sikio. Soko ni “hapo”. Saba ni samaki wa jamaa ya vibua, na tako ni pweza. Hili la mwisho, na neno lao la dubu, huleta kicheko darasani wiki nzima. Cheka siku ya kwanza, kisha liache. Mwalimu Mjapani hajui kinachochekwa na hudhani anachekwa yeye.

Adabu ni upande tunaoufahamu. San huwekwa kwenye jina la mwingine, kamwe si lako. Mwalimu ni sensei, jina likifuatwa na sensei. Otsukaresama desu ina kazi ile ile ya “pole na kazi”. Ndugu wakubwa na wadogo wana maneno tofauti, na mama yako unapomtaja kwa mgeni ni haha, unapomwita au kumtaja mama wa mwenzio ni okaasan.

Ratiba ya siku na mtihani

Dakika 40 kila siku zinashinda saa tano za Jumamosi. Kumi za kadi, kumi na tano za kuandika kwa mkono, kumi na tano za kusikiliza na kurudia kwa sauti. Japan Foundation, taasisi ya Japani ya lugha na utamaduni, ina vitabu vya wanaoanza vinavyopakuliwa bure pamoja na sauti zake. Pakua kwenye mtandao wa chuo ili usimalize bando. NHK World, shirika la utangazaji la Japani, nayo ina masomo ya Kijapani kwa Kiswahili.

Kuanzia wiki ya 10 au 11 huja umbo la te, yaani kitenzi kinachoishia na te au de, na hapa ndipo waliopona romaji huangukia. Vitenzi vigawe makundi matatu kwenye kurasa tatu kabla mwalimu hajafika huko: kaku hutoa kaite, nomu nonde, hanasu hanashite, matsu matte, taberu tabete, suru shite. Iku inavunja kanuni, ni itte. Kaeru, kurudi, inafanana na kundi la taberu lakini si la huko: ni kaette.

Ukitaka cheti nje ya chuo, mtihani wa JLPT, ule wa kimataifa wa kupima Kijapani, huanzia ngazi ya N5. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na ya Desemba, ingawa si kila kituo kina zote mbili. Kufaulu N5 ni alama 80 kati ya 180, ila lazima upate angalau 19 kati ya 60 za kusikiliza, na 38 kati ya 120 za lugha na kusoma. Hakuna sehemu ya kuongea.

Chuoni ipo. Mtihani wa mdomo wa muhula wa kwanza kwa kawaida huanza na kujitambulisha: Hajimemashite. Rehema desu. Tanga kara kimashita. Douzo yoroshiku onegai shimasu. Usianze kila sentensi na watashi wa. Ukishajitaja mara moja inatosha. Usipoelewa swali, usinyamaze na usijibu kwa Kiingereza. Sema sumimasen, mou ichido onegai shimasu, yaani samahani, rudia tena tafadhali. Hicho nacho ni Kijapani, na kukitamka kwa mapigo yake kunamwonyesha mwalimu kwamba bado mnazungumza.